Badogo wa batri, muanze na mufuko ya buchafu, asidi itangoja

Kila mwaka badogo wenye banaanza memwari (kazi ya kumaliza masomo) banakuya kuniuliza suje (mada) juu ya kurecycle batri, ni kusema kutoa metali mu batri ya zamani, na mi mbele bafungue kinywa nilisha kujua ile yenye beko nayo mu kichwa: kutosha kobalti mu batri ya telefone na asidi sulfuriki na maji oksijene, unapandisha joto, unaongeza saa, unafika 98 ao 99 kwa mia, unatetea, imeisha. Ata mi nilianza vile. Ile kazi inafundisha mikono, siikatae, lakini ilishaandikwa mara mingi sana, na mara mingi banaanza na unga safi ya katodi (upande wa chanya wa batri, kwenye kobalti inakaa) yenye ilinunuliwa mu chupa. Sasa apa Lubumbashi nani anatupa unga safi?

Nabaelezea ile yenye ilinipata. Nilizunguka kwa bale banatengeneza telefone na ordinatere, nikarudia na mufuko ya muchele imejaa: batri za telefone za bapa, zingine zilisha kuvimba kama mukate, zile za miviringo banaita 18650 (milimita 18 ku upana, 65 ku urefu), na zingine zenye zilitoka mu taa za solere, karatasi ya juu ilisha kuchunwa. Mi furaha tu. Nikafungua yote, nikasaga pamoja, nikatia mu asidi, ikayeyuka muzuri. Siku ya kupandisha pH (kupunguza ukali ya asidi) juu chuma ishuke chini nikapata tope nzito ya manjano-manjano, filtri ikajifunga toka asubui mpaka magaribi, na kobalti ingine ikabakia mule mu tope. Promoteri wangu (mwalimu wa kusimamia memwari) akauliza neno moja tu: uliweka nini mule? Sikukuwa na jibu. Zile za taa ya solere zilikuwa za chuma na fosfati, aina yenye haina kobalti wala nikeli, na njo zilileta ile tope. Miezi tatu ya kazi ikaenda vile.

Basi kuchagua batri mbele ya kusaga, iyo njo suje, na ni suje ya kweli. Batri ile iko muzima kidogo, haivimbe, unaichaji kwa uangalifu, kisha unaimaliza na taa ndogo na unaandika volti kila dakika tano. Ile ya chuma na fosfati inasimama karibu 3.2 muda murefu kisha inaanguka gafula, ile ya kobalti inashuka polepole toka 4.2. Multimetri moja (kamashine ka kupima volti) na kaye (daftari), karibu bure. Na zile zenye zingali na nguvu usizisage, zipatie kazi ingine mu taa, kurecycle ni kwa zile zenye zilisha kufa kabisa.

Ingine yenye inaniuma sana ni maji ya chumvi. Banasema tia batri mule, itajimaliza yenyewe. Nilitia, kesho yake maji ilikuwa rangi ya kutu, multimetri ikasoma 0, nikaona ni sawa. Kumbe kichwa ya chanya ililiwa na kutu, multimetri haikukuwa inagusa kintu, nguvu ingali mule ndani. Kuikata tu, cheche, moshi. Ile moshi musiinuse badogo, mule kuko chumvi ya lithiamu yenye fluori, ikikutana na maji inazaa asidi fluoridriki na ile inakula mapafu. Namna ya kumaliza batri bila hatari, na bei ya chini, mu atelie yenye umeme inakatika kila siku, mu memwari zenye badogo bananiletea sijaiona ata moja.

Sasa fasi yenye sisi ba Katanga tuko na mali. Kobalti ya madini yetu, heterojeniti, iko mu hali ya tatu (ilipoteza elektroni tatu), asidi peke yake haiiyeyushe muzuri, lazima kintu cha kuishusha mu hali ya pili, njo maana mu mausine banatia metabisulfiti ao gazi ya SO2. Mu katodi ya telefone kobalti iko vilevile hali ya tatu! Ile maji oksijene ya Bazungu inafanya kazi ileile. Kwa hiyo injinieri yenye anajua heterojeniti anajua nusu ya batri, na ata karatasi ya shaba yenye iko mu batri inaweza kusaidia kuishusha kobalti, uchunguze ile mbele ya kununua dawa ya ngambo.

Kwa kuyeyusha na moto sitasema mingi. Kule Hoboken, Ubelgiji, kampuni Umicore, mutoto wa ile kampuni ya madini Union Minière yenye iliundwa 1906 juu ya shaba ya kwetu, inachoma batri, kobalti na nikeli na shaba zinatoka pamoja, lakini lithiamu inakimbilia mu skori (buchafu yenye inabakia kisha kuyeyusha). Na sheria ya Ulaya ya 2023 inadai lithiamu itoshwe 50 kwa mia mwisho wa 2027, 80 mwisho wa 2031. Muangalie terili yetu (kilima ya skori) apa Lubumbashi, pembeni ya sheminee: miaka mingi tuliona ni skori tu, leo kampuni STL inatosha kobalti mule, na 2024 germanyumu yake (metali ingine) ilianza kwenda kwa Umicore. Skori ya batri nayo iko na mambo mingi ya kuuliza, mwenye anapenda tanuru aende kule.

Na musisahau batri ya risasi, ile ya motokari na ya solere ya nyumba. Mu Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kiliingiza risasi mu damu ya batoto. Apa mitaani kuko bantu banayeyusha ile risasi mu sufuria mu uwanja wa nyumba, na udongo ya ile uwanja hakuna mwenye alikuja kuipima. Kupima udongo haiombe mashine ya Ulaya, inaomba mudogo moja mwenye ataenda kugonga ku mulango na kuongea na ba mama kwa heshima.

Mwenye anataka kuanza, akuye na kaye mbili: moja ya batri yenye iliingia (aina, kilo, ilitoka kwa nani), ingine ya volti. Na ndoo ya muchanga mukavu juu ya moto, iwekwe pembeni ya meza mbele ya kufungua batri ya kwanza.