Maswali ya Sataranji: Farasi Alipotua f7

*Mechi ya klabu, nacheza mweusi (herufi na namba hutaja miraba ya ubao): e4 e5, farasi f3 na c6, askofu c4, farasi f6, farasi g5, nikasukuma d5. Alipokula, nikala kwa farasi, nikasambaratishwa. Je, d5 ilinimaliza?*

Hapana, d5 ni sahihi kabisa. Tatizo ni kula kwa farasi. Mweupe anamtoa farasi wake sadaka f7, mfalme akimla, malkia anatua f3: anamtisha mfalme na wakati huohuo anamwandama farasi wa d5. Ili kumwokoa farasi, mfalme inabidi atoke hadi e6, katikati ya ubao, na hapo farasi wa pili wa mweupe anaingia c3. Giulio Polerio, mchezaji wa kale wa Italia, alishinda hivi Roma, karibu mwaka 1610. Mweusi anaweza kujitetea, lakini saa ikikimbia ni mateso, nami simshauri mchezaji wa klabu ajaribu.

Badala yake, farasi wa c6 aende a5, amguse askofu. Askofu akija b5 kumtisha mfalme, ziba kwa askari c6; akila, nawe kula kwa askari wa b7.

*Lakini hapo si nimepungukiwa askari mmoja?*

Ndiyo, na unalipwa. Askofu wake anakimbizwa, kisha h6 inamfukuza farasi, na kila anaporudi nyuma wewe unatoa kete mpya. Tarrasch, gwiji wa zamani wa Ujerumani, aliidharau sana hatua ile ya farasi g5. Hata hivyo Bobby Fischer, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliicheza dhidi ya Mmarekani mwenzake Bisguier mwaka 1963, akamrudisha farasi h3, pembeni kabisa, na akashinda. Kwa hiyo usimdharau anayekuchezea hivyo. Jifunze kwa nini kila kete inakwenda pale inapokwenda. Mpinzani akitoka nje ya mistari uliyokariri, sababu ndizo zitakazokusaidia.

*Nilitaka kumficha mfalme, kwa ile hatua ya kumsogeza pamoja na ngome, nikashika ngome kwanza. Mpinzani alikataa hatua hiyo.*

Alikuwa na haki. Anza na mfalme kila mara. Na ukitaka tu kuiweka kete sawa, tamka kwamba unairekebisha kabla ya kuigusa, tena ikiwa ni zamu yako.

*Naweza kuacha kuandika hatua nikibanwa na muda?*

Ukibakiwa na chini ya dakika 5, na saa haiongezi sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua, FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, inaruhusu. Saa ikiongeza sekunde hizo, andika mpaka mwisho.