Beetle yangu inachemsha kupanda Arusha

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1968, injini ya 1500. Februari hii nikitoka Moshi saa nane mchana, nikikaribia Usa River nasikia harufu ya oili kuungua. Nikizima haiwaki mpaka ipoe nusu saa, ingawa stata inazungusha vizuri. Fundi anashauri tutoe thermostati na mabati ya chini ya injini ili ipate hewa. Nikubali?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mabati yasiguswe, ndugu. Injini hii haina rejeta. Feni inasukuma hewa kwenye mapezi ya silinda, ikishapata moto inatokea chini. Mabati, pamoja na mpira unaozunguka ukingo wa chumba cha injini, yanazuia hewa hiyo isirudi juu ikavutwa tena na feni. Mpira ukiwa umekauka au umekatika, badili, na kila tundu la waya au bomba kwenye bati lizibwe kwa raba yake. Thermostati nayo ibaki: inaendesha vibati vya ndani ya kasha la feni, na vibati hivyo ndivyo vinavyoelekeza hewa. Kama imekufa, weka nyingine.

Kisha mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ulegee kama milimita 15. Ukizidi hapo, fungua nati ya puli (spana namba 21), toa washa moja katikati ya vipande viwili vya puli, uirudishe upande wa nje. Usiitupe, utaihitaji mkanda mpya ukifika.

Uwazi wa tapeti (vipande vinavyosukuma vali) pima injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15, kuanzia silinda namba 3. Kwenye modeli hii kipoza oili kimekaa ndani ya kasha la feni, juu ya silinda hiyo, kinainyima hewa, hivyo ndiyo huungua kwanza. Tapeti iliyobana haiachi vali ifunge sawasawa, na vali ya ekzosi hutoa moto wake kwa kugusa kiti. Taimingi iliyotangulia (cheche inayotokea mapema mno) na mchanganyiko mkavu wa kabureta (petroli kidogo, hewa nyingi) nao huchemsha.

Harufu mara nyingi ni oili inayodondokea ekzosi. Tazama gasketi za vifuniko vya tapeti na mirija ya pushrodi.

Kutowaka: fungua filta ya hewa, vuta waya wa pedali ya mafuta ukichungulia kabureta. Petroli isiporuka, imegeuka mvuke kwenye pampu au bomba; weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, usubiri kidogo. Ikiruka, kagua koili na kondensa, vifaa vya umeme wa cheche.

Na uendeshaji wenyewe: feni inazungushwa na injini, kwa hiyo kung'ang'ania gia ya nne mlimani ni kuipunguzia hewa pale pale inapoihitaji. Ukipita njia ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), mwendo ukishuka kwenye 60, ingia gia ya tatu. Taa ya chaji ikiwaka njiani, simama papo hapo. Huenda mkanda wa feni umekatika, na feni haizunguki tena.

SWALI: Niweke oili nzito zaidi kipindi cha joto?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. 20W-50, lita 2.5, inatosha. Nzito mno hupandisha presha, vali ya presha ikafunguka na oili ikarudi bila kupitia kipoza oili. Badili kila kilomita 5,000, kwenye vumbi 3,000, na uoshe chujio la chini kila mara. Nati sita ndogo za kifuniko chake zikaze kwa mkono mwepesi, stadi zake hung'oka upesi.