Kabla hujafunga ruta, niambie nani atalipa mwezi wa nne

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Buguruni. Kaandika kwa adabu kweli: "Shikamoo dada, nakufuatilia siku nyingi, tumepata mfadhili anatupa kompyuta kumi na ruta, tunataka kufungua kituo cha vijana hapa mtaani, intaneti bure na mafunzo ya habari na video, naomba ushauri tuanzie wapi." Nikaisoma nimelala, nikaiacha. Asubuhi nikairudia. Nilitaka nimjibu tu "hongera mdogo wangu" niendelee na maisha yangu, ila pale kwenye "intaneti bure" pakanichoma, maana maneno hayohayo nshawahi kuyaandika kwenye bango, na bango lenyewe lipo mpaka leo, mama analifunikia mkaa.

Kwahiyo nakujibu hapahapa, na wengine mnaopanga kitu kama hicho msome, najua mpo wengi.

Mi nimekulia Tandale, hapahapa Dar. Wasiopajua wanapajua kwa vitu viwili, soko la nafaka na mafuriko ya Mto Ng'ombe. Mwaka 2011 walikuja wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na vidude vya GPS, wakashirikiana na vijana wa mtaani kuchora ramani ya kata nzima, vichochoro, mabomba ya maji, mitaro, madampo, vyoo, vyote vikapandishwa OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni. Mi nlikuwa nimemaliza form four sina kazi, nikajiunga. Siku naonyeshwa kwenye skrini ya laptopu nyumba yetu, kamstari kamefunga pembe nne pembeni ya mfereji, nilicheka halafu nikanyamaza. Halafu tukarudi nyumbani. Na ndo nikagundua kichekesho chenyewe: ramani ya mtaa wetu ipo mtandaoni dunia nzima inaiona, mama yangu aliyewatajia majina ya vichochoro hawezi kuiona mpaka anunue bando.

Hapo ndo wazo lilipozaliwa. Si unajua nyaya za baharini zilishafika Dar, SEACOM 2009, EASSy mwaka uliofuata, watu tukaambiwa intaneti itakuwa kama maji. Sawa, kutoka baharini mpaka Tandale ni kilomita chache. Ila na maji yenyewe Tandale tunanunua kwa ndoo.

Basi, 2017 tukapata msaada. Kompyuta kumi na moja za mezani, zilizokuwa zimeshatumika kwenye ofisi za watu, ruta moja, na intaneti iliyolipiwa miezi mitatu. Tukapata chumba na varanda kwa mzee mmoja, tukapaka rangi ya bluu, tukamwalika mwenyekiti wa serikali ya mtaa akakata utepe, keki ikaliwa, picha zikapigwa. Kwenye zile picha mi niko katikati nimevaa kitenge kipya nacheka mpaka gego la mwisho. Nilikuwa najiona nimemaliza kazi. Kumbe hata sikuwa nimeanza.

Hesabu ambayo hatukupiga ni hii. Kompyuta za mezani kumi na moja na vioo vyake zinakula kama kilowati moja na nusu. Saa moja, uniti moja na nusu ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Ukifungua masaa nane ni uniti 12 kwa siku. Uniti ikiwa shilingi 350 na ushee, hiyo ni zaidi ya 4,200 kila siku ya Mungu, na mwezi wenye siku 26 za kazi ni zaidi ya 109,000, umeme tu, hujalipa intaneti, hujalipa kodi ya chumba, hujampa kijana anayefagia hata nauli. Laptopu kumi na moja zingekula theluthi ya hapo. Lakini nani anakataa kompyuta za bure? Hakuna mtu alituambia, na mi sikuuliza kwasababu nilikuwa naogopa nikiuliza sana msaada utaenda kwingine. Mwenzangu, uliza. Mfadhili anayekasirika ukimuuliza umeme atalipa nani, huyo hata angekupa vifaa ungeteseka.

Na intaneti ilivyokuwa ya bure! Wiki ya kwanza kila mtu raha. Wiki ya pili haifunguki hata meseji. Vijana wanakaa barazani mpaka saa sita usiku, pasiwedi ilishafika mpaka Manzese, na mi naamini kabisa watoto wanaangalia picha chafu na mpira, nikaanza kufoka. Nikawatolea hotuba. Akaja fundi mmoja kijana, nilimwita kwa hasira, akafungua ruta akatazama kwa dakika kumi akaniambia, "Dada, hawa hawaangalii kitu. Simu zao zinajiapdeti." Yani simu mia na kitu, kila moja ikishika wai-fai tu inaanza kushusha apu mpya na kupandisha picha za WhatsApp za mwaka mzima, na zile kompyuta zetu nazo Windows inajishushia mambo yake chini kwa chini. Akaweka kila simu isivuke megabiti mbili kwa sekunde, akazuia zile apdeti mchana. Jioni ile ile intaneti ikarudi. Niliona aibu, watoto nilishawatukana.

Mwezi wa nne ukafika. Bili ya intaneti 150,000, kwenye kopo la michango kuna 23,500. Ikakatwa Jumanne. Na hapa ndo pananiuma kusema, ila ntasema: wiki mbili nzima niliwadanganya vijana kwamba "fundi anakuja". Walikuwa wanakuja, wanawasha kompyuta, wanacheza ile gemu ya karata, wananiangalia, mi naangalia simu. Binti mmoja aliyekuwa anajaza fomu ya mkopo wa chuo akaja siku tatu mfululizo. Ya nne hakuja. Ningemwambia ukweli siku ya kwanza angeenda stationery akamalizia. Mpaka leo nikikutana nae sokoni nabadilisha njia.

Kwahiyo mdogo wangu, swali si ruta aina gani. Swali ni mwezi wa nne nani analipa.

Miaka miwili iliyofuata sina hamu hata ya kuisimulia, kuandika maombi, kukataliwa, chumba kurudishwa, korona humohumo. Turuke.

Tulivyoanza upya tulianza kinyume. Kompyuta tukauza nane. Intaneti tukaitoa Sinza, maana waya wa faiba wakati ule ulikuwa unafika Sinza unagoma kuvuka kuja kwetu, tukaomba paa la ghorofa la rafiki, tukafunga antena kule na nyingine huku kwenye bomba la chuma. Wenye kampuni ya intaneti tukawaambia kabisa tunataka kuwagawia majirani, wakatupa mkataba wa namna hiyo, maana kuuza intaneti kiholela kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usije ukafungiwa ukasema sikukuonya. Zile antena zinataka zionane macho kwa macho. Mwezi wa pili jirani mmoja kapata hela zake kaongeza ghorofa, tofali tatu tu za mwisho zikatuziba. Ikabidi tukamwombe. Alikubali antena ikae juu kwake, malipo yake vocha ya intaneti kila siku ya maisha yake, na mpaka leo anaidai kwa wakati kuliko mwenye nyumba.

Na hakuna bure. Vocha ya jero, yani mia tano, siku nzima, ya mia mbili saa moja. Bili kwa siku inakuja kama 5,000, kwahiyo nikipata watu kumi wa jero-jero nimeshalipa intaneti, wa kumi na moja na kuendelea ndo LUKU na kodi. Nani ananunua? Sio wanafunzi, usijidanganye. Bodaboda, fundi cherehani anayeangalia mishono, mama ntilie anayepokea oda kwenye simu, wauza nafaka wanaouliza bei Kibaigwa, soko la mahindi kule Dodoma. Hao ndo wanaolipia vijana wasome. Watu walinisema sana, "mradi wa jamii unauza?" Nauza ndio. Mnakumbuka Aprili 2021 zilivyokuja bei mpya za mabando mji mzima ukapiga kelele mpaka zikasitishwa? Kelele zile zilinifundisha kwamba watu wetu hela ya intaneti wanayo, ndogo ndogo, wanachokataa ni kuibiwa.

Kilichobaki bure ni kimoja, Jumamosi saa nane mpaka saa kumi jioni, wasichana peke yao. Hii nimeiweka kwasababu vituo hivi vikiachwa vinakuwa vijiwe vya wavulana, na mama wa Tandale hamruhusu binti yake akae barazani na wavulana magharibi, na mi nikiwa na binti sitamruhusu. Halafu mtu anaandika ripoti "wasichana hawapendi teknolojia".

Sasa mafunzo. Mara ya kwanza tuliletewa mwalimu kutoka mjini, kaja na projekta akatufundisha aina za kamera na lenzi siku mbili. Hakuna aliyekuwa na kamera. Siku hizi nafundisha mwenyewe na naanza na sauti, kwasababu uswahilini picha utapata tu ila sauti ni vita, kuna mashine ya kusaga, kuna spika ya jirani, kuna adhana. Chukua simu mbili. Moja inapiga picha, ya pili inarekodi sauti, iweke chini ya ushungi au mfuko wa shati wa anayeongea, karibu na kidevu, kitambaa kinazuia upepo. Mwanzo piga kofi moja mbele ya simu zote ili baadae uoanishe picha na sauti. Basi. Hiyo tu imewashinda watu wenye vifaa vya milioni. Na umuombe ruhusa mtu kabla hujamrekodi, sio baada, na mtoto umuombe mzazi wake.

Nikirudi nyuma kidogo. Aprili 2018, hatuna hata kituo, mvua ile kubwa ilivyonyesha, kijana wangu mmoja wa lile kundi la kwanza alirekodi maji yanaingia nyumba kwa nyumba, mzee anapitishwa dirishani kakalishwa kwenye beseni la kufulia. Dakika moja na nusu, mkono hautetemeki. Akaituma kwenye grupu la mtaa. Jioni tukaiona kwenye televisheni moja, logo yao juu, jina lake hakuna. Nilipiga simu. Nikaambiwa, na nakumbuka mpaka sauti, "Dada, si mmepata eksposha?" Eksposha, yani kujulikana! Yule kijana siku hizi anaendesha bajaji, na kila nikipanda bajaji yake hatuiongelei ile video.

Toka hapo kila klipu inayotoka kwetu, sekunde ya kwanza ni sauti ya mwenye klipu: jina, mtaa, tarehe. Wakikata itaonekana imekatwa. Na vijana wajue sheria, jamani, wajue! Ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 cha kusambaza taarifa za uongo, kwahiyo usitegemee kujitetea na "nimetumiwa", nenda kaone mwenyewe, uliza na upande wa pili, ndo ubonyeze tuma. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilivyotoka, laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka, sisi ndoto ya blogu ya mtaa ilifia hapo, na vibanda vya intaneti navyo vikatakiwa kufunga kamera. Kanuni zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwahiyo usisikilize ya kijiweni, nenda ofisini TCRA na daftari uandike unachoambiwa leo.

Tulichofanya sisi hata intaneti hakihitaji. Kibanda umiza cha jirani, siku za ligi, watu mia wamebanana wanasubiri mpira. Tunampa mwenye kibanda fleshi, anaweka dakika tano kabla ya mechi, mtaro upi umeziba, soko bei gani, kliniki ya watoto siku gani. Mara ya kwanza tulizomewa. Mara ya tatu, kabla hatujaiweka, mtu akauliza, "Leo vya mtaa hamna?" Nilitoka nje nikalia kidogo, sio siri.

Mnapenda sana uzinduzi nyie. Tisheti, bango, hashitagi. Vijana wenzangu tunajua kufungua vitu, kuvitunza hatujui, na tukishindwa tunasema wafadhili wabaya, serikali mbaya, mtaa hauna muamko. Mtaa una muamko. Mtaa unajua kuhesabu kukuzidi, mama ntilie anajua kesho mchele ni bei gani na nani anamdai, we na digrii yako hujui LUKU itaisha lini.

Mdogo wangu wa Buguruni, njoo Jumamosi kabla ya saa nane, nikishafungulia mabinti sitakuwa na muda. Kompyuta kumi zikiwa za mezani muombe mfadhili abadilishe akupe laptopu tano, akikataa usilie, tutaongea. Njoo na risiti za LUKU za hicho chumba za miezi miwili, na uje na mmoja ambaye atanunua vocha kwako, sio mwanakamati, mnunuzi, hata muuza chipsi.

Halafu nilisahau kukuitikia. Marahaba.