Ofisi ya mawakili au mwanasheria wa kampuni? Yapime haya kabla hujasaini

Swali hili huwajia sana mawakili wenye miaka miwili au mitatu tangu waapishwe. Mkononi kuna barua ya ajira ya benki au kampuni ya simu. Upande wa pili kuna ofisi ya mawakili yenye mshahara mdogo, mahakama kila wiki na ahadi ya ubia siku moja. Wengi hulinganisha mshahara na saa ya kutoka kazini, basi. Mimi naona tofauti kubwa iko kwa anayebeba uamuzi. Wakili wa ofisi hutoa maoni, na mteja akayafuata au akayaacha. Mwanasheria wa kampuni yumo chumbani uamuzi unapopitishwa, na miezi sita baadaye matokeo yanamfuata mezani kwake.

Chukua mkataba mmoja wa kununua mfumo wa kompyuta. Ukiwa ofisi ya mawakili utausoma wote, utaandika maoni ya kurasa kumi, utataja kila hatari na kuweka tahadhari za kutosha kuilinda ofisi. Hiyo ndiyo kazi uliyolipwa. Ukiwa ndani ya kampuni, mkuu wa TEHAMA anakupigia saa nne asubuhi na anataka jibu kabla ya saa nane mchana. Jibu linalomsaidia linafanana na hili: "Tusaini, ila kifungu cha 14 kibadilike, kikomo cha dhima ya muuzaji, yaani fidia ya juu atakayotulipa, kiwe ada ya miezi 12 badala ya mmoja. Kifungu cha 21, usuluhishi ufanyike Dar es Salaam. Wakikataa la pili, saini. Wakikataa la kwanza, nipigie kwanza." Sentensi chache tu, lakini nyuma yake umeshapima hatari ipi kampuni inaweza kuimeza na ipi haiwezi.

Hapo ndipo wengi wanaotoka ofisi za mawakili hukwama mwaka wa kwanza. Wanaendelea kuandika maoni marefu yasiyo na jibu, watu wa mauzo na manunuzi wanaanza kuwakwepa, na mikataba inasainiwa bila kupita kwao. Wapo pia wanaoteleza upande wa pili: wanakubali kila kitu ili wasionekane kikwazo. Wa kwanza atalalamikiwa mapema. Wa pili hugundulika siku kampuni inaposhtakiwa.

Ofisi ya mawakili inakufundisha nini

Inakufundisha siku. Ukipokea hati ya madai, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Hukumu ya Mahakama Kuu ikikuumiza, notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30, kisha siku 60 tangu kuwasilisha notisi uwe umefungua rufaa yenyewe. Ukitaka kuishtaki Serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Anayefanya kazi hizi miaka mitatu huanza kusoma kila karatasi akitafuta tarehe kabla hajatafuta hoja. Inakufundisha pia kuandika huku ukijua kuna wakili mwenzako anayelipwa kutafuta kasoro katika kila aya. Na unaona mikataba inavyovunjika. Kifungu kilichoonekana cha kawaida siku ya kusaini ndicho kinachopiganiwa miaka minne baadaye.

Kwa sababu hiyo, asiye na sababu nzito ya kifamilia au ya kifedha naona aanze ofisi ya mawakili, miaka mitatu hadi mitano, ndipo afikirie kampuni. Kutoka ofisini kwenda kwenye kampuni ni rahisi. Kurudi ni kugumu, nitaeleza kwa nini.

Lakini si kila ofisi. Zipo ambako kijana anapeleka nyaraka masjala, anasimama kwa niaba ya wakili mwandamizi kuomba tarehe nyingine, anarudi. Mwaka wa tatu bado hajahoji shahidi hata mmoja. Kwenye usaili uliza mambo mawili: nani atasoma rasimu zangu na kuzirudisha na masahihisho? Na wakili wenu wa mwisho kuajiriwa alianza kusimama mahakamani peke yake baada ya muda gani? Mbia anayejibu "hapa utajifunza kila kitu" hajakujibu.

Pesa

Usilinganishe tarakimu ya juu ya barua. Tuseme kampuni inakupa 2,500,000 kwa mwezi, na ofisi ya mawakili 1,500,000 pamoja na asilimia 10 ya ada ya kila mteja unayemleta. Ili kuziba pengo la milioni moja unahitaji kuleta ada za 10,000,000 kila mwezi, na ni ada zilizolipwa, si ankara zilizotumwa. VAT haimo humo, hiyo ni ya TRA. Uliza waziwazi: asilimia yangu inahesabiwa ankara ikitoka au pesa ikiingia? Mteja anayelipa baada ya miezi minane ni jambo la kawaida kabisa.

Kisha ongeza yasiyoandikwa kwenye mshahara: bima ya afya na nani wa familia anaingia, mchango wa NSSF (asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako na nusu ya mwajiri), nani analipia leseni ya uwakili na ada ya Chama cha Mawakili wa Tanganyika, nani analipia mafunzo endelevu. Baadhi ya ofisi ndogo hulipa kitu kinachoitwa posho bila mkataba wala NSSF. Wakili asiye na mkataba wa ajira ni kichekesho kinachouma, lakini wapo wengi.

Kama ndoto yako ni kufungua ofisi yako mwenyewe, jua kwamba kwa huduma za kitaalamu usajili wa VAT haungoji mauzo yafikie kiwango fulani, na mteja wa kampuni atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kukulipa. Kodi hiyo utaidai kwenye hesabu za mwaka, ila pango la mwezi huu haliwezi kuingoja.

Kazi ndani ya kampuni inavyokuwa kweli

Picha iliyozoeleka ni ya mtu anayepitia mikataba kwenye kiyoyozi na kutoka saa kumi na moja. Mikataba ipo. Lakini kinachokula siku ni mambo madogo yenye tarehe, ambayo hakuna mwingine anayeyafuatilia.

Kubwa kuliko yote ni ajira. Meneja rasilimali watu anakuja Jumatatu kukwambia kwamba Ijumaa walimfukuza mfanyakazi kwa wizi. Ushahidi upo, ila aliitwa asubuhi na kusikilizwa mchana. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Sababu ya kumfukuza inaweza kuwa halali na bado kampuni ikaanguka kwa utaratibu. Mfanyakazi ana siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ataupeleka. Mwanasheria mzuri hangoji Jumatatu: anaandika mapema karatasi moja ya hatua za nidhamu, anaweka fomu za wito zenye nafasi ya tarehe na saa, na anakubaliana na idara hiyo kwamba hakuna barua ya kuachisha kazi inayotoka bila saini yake.

Ushuru wa stempu unafuata. Mkataba unaotakiwa kulipiwa hulipiwa ndani ya siku 30 tangu usainiwe. Hakuna anayekukumbusha, biashara inaendelea, mpaka siku mdaiwa anapogoma na mkataba unapelekwa mahakamani: wakili wa upande wa pili anapinga usipokelewe kama kielelezo, na unabaki kukimbizana na ushuru pamoja na adhabu yake huku shauri limesimama. Kwenye benki iongeze rehani juu ya mali za kampuni inayokopa. Isiposajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ndani ya siku 42, mfilisi na wadai wengine wanaweza kuipuuza. Benki inabaki na deni lisilo na dhamana, na faili lina jina lako.

Jambo jingine dogo linalowanasa wengi ni muhuri. Wakili ni Kamishna wa Viapo pia, yaani anaruhusiwa kushuhudia watu wakiapa, kwa hiyo mkurugenzi anataka umgongee muhuri kwenye kiapo cha kampuni ili asihangaike kutoka. Usifanye. Kamishna hatakiwi kushuhudia kiapo katika jambo ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo, na kiapo hicho kinaweza kuanguka na ombi zima. Mpeleke kwa wakili wa nje, na hakikisha mahali na tarehe ya kuapa vimejazwa.

Halafu kuna kofia za ziada. Katika kampuni nyingi mwanasheria ndiye Katibu wa Kampuni: kuitisha vikao vya bodi, kuandaa makabrasha, kuandika muhtasari, kupeleka taarifa za mwaka BRELA na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwaka 2023, kofia ya taarifa binafsi nayo mara nyingi huangukia kwake. Si vibaya, ukatibu unakukalisha na bodi. Ila usaili usipite bila kuuliza kama kofia hizo zimo kwenye mshahara uliotajwa, na kama kuna msaidizi.

Uliza pia unaripoti kwa nani. Anayeripoti kwa mkurugenzi mtendaji anasikika. Aliyewekwa chini ya mkuu wa fedha atajikuta akimshauri bosi wake dhidi ya bajeti ya bosi huyohuyo. Na uliza nani anachagua mawakili wa nje na kuidhinisha ankara zao. Kama si wewe, utalaumiwa kwa kesi usizoziongoza.

Kama unapenda kusimama mahakamani, chunguza aina ya mwajiri. Kwenye shirika la umma, mashauri ya madai husimamiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali iliyoanzishwa mwaka 2018. Wewe utaandaa jalada, mashahidi na maelezo. Hata likizo hazifanani: ofisi za mawakili hupumua Mahakama inapokuwa likizo, kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31, wakati kwenye kampuni Desemba ni kufunga mwaka, vikao vya bodi na mikataba inayotakiwa isainiwe kabla ya tarehe 31.

Kuacha mlango wazi

Kurudi ofisini baada ya miaka saba ndani ya kampuni ni kugumu kwa sababu ubia hupimwa kwa wateja, nawe ulikuwa na mteja mmoja tu, ambaye ni mwajiri wako. Unachoweza kuja nacho ni ujuzi wa sekta. Mtu aliyekaa madini, mawasiliano au benki anajua mdhibiti anavyofikiri na nyaraka gani hukwama, na ofisi kubwa hulipia hilo. Kwa hiyo chagua sekta kwa makini kuliko jina la kampuni. Huisha leseni kila mwaka, hudhuria mafunzo, na usome hukumu mpya hata kama huna kesi. Ukitaka kushika kazi za nje, soma kwanza mkataba wako wa ajira, nyingi zinakataza.

Ukiamua kuhama, ondoka kwa utaratibu. Andaa jedwali la mashauri yote: namba, mahakama, tarehe ijayo, hatua inayosubiriwa na siku ya mwisho ya kuichukua. Mkabidhi anayekupokea, msaini wote wawili, ubaki na nakala ya makabidhiano hayo tu. Majalada na rasimu za ofisi usizibebe kwenye flashi. Na kama mwajiri mpya ana shauri dhidi ya mteja uliyemhudumia, mwambie kabla hujasaini, kisha omba kwa maandishi usihusishwe na jalada hilo.