Wateja wanashika madera, wanasema ntarudi, hawarudi

SWALI: Dada habari za kazi. Nina fremu ya madera hapa Morogoro, mwaka wa pili sasa. Mzigo wote nimetundika ukutani, mteja akiingia namshushia hata madera 20, anashika hili anashika lile mwisho anasema ntarudi. Jirani yangu ana mzigo kidogo tu na ananishinda mauzo. Nishushe bei? – Mama Madera

JIBU: Mdogo wangu, bei iache kwanza. Hebu jifanye wewe ndo mteja, umeshushiwa madera 20, la kijani zuri, la zambarau zuri, ukichukua hili roho inabaki kwenye lile, unaogopa ukifika nyumbani utajuta, sasa utatokaje hapo bila kumuudhi muuzaji kama sio kusema ntarudi?

Jambo hili lilishapimwa. Mwaka 2000 wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walitoa utafiti waliofanyia supamaketi moja ya California, waliweka meza ya kuonja jamu, saa nyingine aina 24, saa nyingine aina 6. Ile ya 24 ilisimamisha watu wengi zaidi lakini kati ya waliosimama walionunua ni asilimia 3 tu, ile ya 6 asilimia 30! Waliorudia majaribio ya aina hii hawakupata tofauti hiyo kila mara, maana anayejua anachotaka hasumbuliwi na wingi. Anayesumbuka ni yule aliyeingia hajui, na nahisi wengi wako ndo hao. Kwa hiyo kabla hujashusha dera lolote ukutani muulize, la kwendea wapi, harusini au la kushindia nyumbani? Akishajibu mtolee matatu, basi.

Na katika hayo matatu anza na la ghali. Mwaka 1974 wanasaikolojia wengine, Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliandika jinsi walivyozungusha gurudumu la namba, wamelitegesha lisimame kwenye 10 au 65, halafu wakauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Walioona 10 makisio yao yalikuwa kama 25, walioona 65 kama 45, yaani namba isiyohusu kabisa imewavuta. Na mteja wako hivyo hivyo, akianza kusikia 35,000, lile la 20,000 litamkalia vizuri. Ila iwe bei ya kweli jamani, usipandishe ili ushushe, wanawake wa mtaa mmoja wanaambiana na ukishaitwa mwongo ndo imetoka hiyo.

Halafu ule ukuta uliojaa hakuna anayeukumbuka. Mjerumani Hedwig von Restorff alionyesha tangu 1933 kwamba kitu kisichofanana na wenzake ndo kinabaki kichwani. Mlangoni tundika dera moja tu, lipe na jina kama kanga zinavyojulikana kwa maneno yake, ili mtu akirudi kwao aseme nimeona fulani kwa Mama Madera. Yaliyobaki yakunje uyaweke kabatini leo leo, na wiki ijayo niandikie wangapi wamelipa.