Money Maker, San Marzano au Brandywine?

Ndugu, umeuliza ni ipi kati ya nyanya hizi tatu za mbegu za asili inayofaa bustani ya nyumbani, na kama mbegu zake huhifadhika.

Kwa ladha pekee ningechagua Brandywine ya Marekani, nyanya kubwa ya waridi yenye majani kama ya kiazi mviringo, ingawa huchukua takribani siku 80 hadi 100 tangu kuhamisha miche, huzaa kwa uchache, na hupasuka mvua kubwa inapofuata ukavu. San Marzano ya Italia ina nyama nyingi na mbegu chache, kwa hiyo ndiyo ya rojo. Lakini umwagiliaji usio na mpangilio huzuia madini ya kalisi (kalsiamu) kulifikia tunda, nalo huoza kitako. Money Maker, Mwingereza aliyezoeleka katika maduka yetu ya pembejeo, haina ladha ya kusimuliwa, ila huzaa bila kukuangusha.

Zote tatu hurefuka, hivyo zinahitaji vijiti vya kuegemea na kupunguzwa machipukizi, na hakuna inayohimili bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na matunda.

Kwa kuwa nyanya hizi zote si chotara, mbegu zake hurudia sifa za mama zisipochavushwa na aina nyingine. Kamua mbegu za tunda lililoiva kabisa pamoja na majimaji yake, ziache zichachuke siku mbili au tatu, zioshe, kisha zikaushe kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi zitanata.