Maswali ya ramani: mtoto aijue kwanza Ngamiani yetu hapa Tanga

Barua za safari hii karibu zote ni za watoto na ramani za simu. Nahisi ni likizo, simu za wazazi zimepata wenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka mitano. Nimwekee programu gani ya ramani? (Mama Salma, Chumbageni)

Marahaba. Usimwekee yoyote. Mpe kijiti achore mchangani njia ya kwenda dukani. Swali hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu, tafadhalini.

Wangu yuko darasa la tano. Anacheza mchezo wa ramani mtandaoni, nchi zote za Afrika na miji mikuu yake hakosei hata moja. Nimtafutie mashindano? (Baba Hamisi, Duga)

Mpeleke bombani kwanza, umuulize maji yale yanatoka wapi. Nina mjukuu, bingwa wa bendera na miji mikuu kama huyo wako. Nilipomuuliza akanijibu, "Kwenye tanki." Nikamfungulia picha za setilaiti tukaanzia bwawa la Mabayani linalotuletea maji Tanga, tukaufuata Mto Zigi kurudi juu, kidole kwa kidole, hadi milima ya Amani. Njiani akanishika mkono: "Bibi, mbona hapa maji yana rangi ya chai ya maziwa?" Basi, nusu saa tukazungumza udongo, mvua na mashamba ya mabondeni. Bendera hazikutajwa tena siku ile.

Nawe fanya hivyo kwa Mto Pangani. Mwanzie bwawa la Nyumba ya Mungu, ateremke Korogwe, apite Hale, atokee baharini Pangani. Akifika Hale mzuie, umuulize kwa nini kituo cha umeme kimejengwa pale na si Korogwe mjini. Akiona miraba mikubwa iliyopigwa mistari kama daftari, usimwambie ni mkonge, mwache abahatishe. Kujua kwamba mji mkuu wa Mongolia ni Ulaanbaatar si dhambi, ila hiyo ni kumbukumbu tu, kasuku naye anayo.

Kwenye simu Greenland inakaribia ukubwa wa Afrika. Ni kweli? (Mwanafunzi, Muheza)

Si kweli, na nakupongeza kwa kuistukia. Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30, Greenland milioni 2 na kidogo. Yaani Greenland zingeingia Afrika kama 14 hivi. Tanzania yetu peke yake ina kama 945,000, kwa hiyo Greenland ni Tanzania mbili na kipande.

Uko Muheza, machungwa hayakupigi chenga. Menya moja kwa uangalifu ganda litoke zima, kisha ulibandike mezani liwe bapa. Litachanika. Dunia nayo ni hivyo hivyo: ukitaka kuilaza bila kuichana, lazima uivute mahali. Mwaka 1569 mchora ramani Gerardus Mercator aliamua kuvuta kuelekea kwenye ncha za dunia, ili baharia akishika upande mmoja wa dira njia yake ichorwe mstari ulionyooka. Ramani nyingi za simu bado zinafuata mchoro wa ukoo huo. Sisi tulio karibu na Ikweta hatukuvutwa, ndiyo maana tunaonekana wadogo. Walimu wenzangu, hili lifundisheni kabla mtoto hajaamini kwamba bara lake ni kijiji.

Mwanangu ameona Ziwa Nyasa limeandikwa Malawi, na mpaka umepita ufukweni kwetu. Nimjibu nini? (Mzazi, Korogwe)

Mwambie ukweli wote. Malawi wanasema mpaka ni ufukwe wa mashariki, wakishika mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Ramani huchorwa na mtu, na mtu huyo ana upande au ana haraka. Afungue ramani mbili tofauti azilinganishe. Hilo ni somo kuliko kukariri jina moja.

Bando linaisha haraka. (wengi mno)

Pakua ramani ya eneo lako mkiwa penye waifai, kisha zima data. Simu zenu zinaweza, hamjafungua tu menyu.

Nipo Raskazone, nukta ya buluu inaniweka baharini! (Bi Zuhura)

Toka chini ya bati, simama peupe, subiri kidogo. Lile duara linaloizunguka nukta ndilo linalokwambia simu ina uhakika kiasi gani. Duara likiwa kubwa, simu inabahatisha. Na kwa kuwa umenikumbusha nukta: nimeona watoto wameweka alama ya "nyumbani" na kuwatumia marafiki wa mtandaoni wasiowajua sura. Dada yangu, zima ruhusa ya mahali kwenye michezo yao leo, usingoje Ijumaa.

Mwanangu anasema Mombasa iko juu na Lushoto iko juu. Namsahihishaje? (Mama Rehema, Ngamiani)

Lushoto iko juu kweli, karibu meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Muulize konda wa basi la Soni anavyosikia masikio. Mombasa iko kaskazini, na ni pwani kama sisi. Geuza simu kichwa chini mbele yake, kisha muulize: Mto Nile unaelekea kaskazini, je, unapanda?